Mwinjilisti na Redio ya Kunong'ona

Ukimwona Mwinjilisti Jumamosi alasiri ungedhani anaumwa jino. Amekaa kwenye kibao chake mbele ya nyumba, kichwa kimelala upande, redio ndogo imegandamizwa shavuni, macho kayafumba. Wageni waliokuwa wakipita njia ya kwenda kanisani walimpa pole. Sisi majirani tulijua kwamba timu yake inacheza.

Alizaliwa lini na ukoo wake ni upi, hayo yalisomwa siku ya mazishi yake. Mchungaji aliyasoma vizuri, kwaya ikaimba vizuri, na redio haikutajwa hata mara moja. Nilirudi nyumbani nimeudhika. Mtu umeishi naye ua kwa ua, kikohozi chake unakijua kuliko cha mumeo, halafu anasindikizwa kama mwinjilisti yeyote aliyewahi kubatiza watoto na kuzika wazee. Nikasema haiwezekani, mimi nitayaandika yale ambayo hayakusomwa.

Kwetu ni Kikatiti, upande wa juu wa barabara ya Moshi. Nina duka la pembejeo na ng'ombe wawili, na kila jioni nilimpelekea Mwinjilisti maziwa, naye akanipa ndizi. Hilo lenyewe lilikuwa ajabu. Mmeru mzima, mwenye migomba iliyostawi na zizi la mbao lililoezekwa bati, anakunywa maziwa ya jirani. Zizi lake lilikuwa na sakafu ya saruji, limefagiliwa, hori safi, na ndani hamna hata mbuzi. Kila kiangazi alibadilisha mbao zilizoliwa na mchwa. Nilipomtania kwamba anafuga hewa, alinijibu kwamba hewa haipigi mtu teke. Nilicheka sana siku ile.

Katika mpira tulikuwa watani. Mimi ni wa kijani, ushabiki niliourithi kwa baba yangu kule Maji ya Chai, na yeye alikuwa wa nyekundu. Timu yake ikifungwa, nilimfunikia chombo cha maziwa kwa kitambaa cha kijani. Alikuwa anakitazama kitambaa, anafumba macho, anaombea yale maziwa kwa sauti ili rangi iondoke, ndipo anapokea. Timu yangu ikifungwa, alinituma nimsalimie baba yangu na kumpa pole ya msiba.

Sauti yake ilikuwa kubwa mno kwa kanisa dogo kama letu. Kwenye mahubiri aliibana, lakini ibada ikiisha tukatoka nje kwenye mnada wa sadaka, pale zinapouzwa ndizi, mayai, kuku na madumu ya maziwa ya wale waliotoa walivyojaliwa, aliifungulia. Aliuza mkungu wa ndizi kama mtangazaji wa mpira. Mkungu uko katikati ya uwanja, anauchukua mzee wa kanisa, anautuliza, lakini anakuja mama wa kwaya ya pili, anampokonya, hatari, hatari, mzee wa kanisa hataki kushindwa mbele ya wajukuu! Watu walipandisha bei kwa kucheka tu. Nimeona mwanamume akinunua jogoo wake mwenyewe aliyemleta asubuhi, kwa sababu alikuwa hawezi kuona jogoo anaondoka na goli la ugenini. Mapadri wa jirani zetu Wakatoliki waliwahi kuomba kumwazima kwa ajili ya harambee yao. Akaenda, na akawauzia vizuri.

Alikuwa na misemo yake. Mpira una dakika tisini, toba ina saa yoyote. Refa hana rafiki, na akiwa naye mchunguze. Kijana akimwendea na tatizo la ndoa, alimuuliza kwanza anacheza namba ngapi nyumbani kwake, kwa maana wanaume wengi wanajiona washambuliaji kumbe ni wa benchi. Mahubiri yake yalikuwa ya subira, na yeye mwenyewe hakuwa nayo kabisa. Foleni ya kusaga posho ilimshinda. Vijana wakicheza mpira asubuhi ya Jumapili aliwafukuza kwa fimbo, lakini mechi ya watani ikiangukia Jumapili, mahubiri yalikuwa mafupi mpaka wazee wanaangaliana. Mchungaji alipouliza, alisema Roho ameongoza hivyo.

Kibanda cha kuonyeshea mpira kipo pale sokoni, na hakuwahi kuingia. Alisema picha inakunyang'anya kazi yako. Redio inakuachia uwanja uuchore mwenyewe. Haya, hiyo sababu ilikuwa nzuri na niliiamini.

Kilichonishinda kuelewa ni sauti ya ile redio. Mtu mwenye koo lile, anayeuza kuku mpaka Maji ya Chai wanasikia, alisikiliza mpira kwa sauti ya chini kiasi kwamba ukikaa naye kwenye kibao kimoja hupati neno. Wengine walisema anabana betri. Wengine walisema anamwogopa Mchungaji, au amekuwa kiziwi, jambo ambalo si kweli, kwa maana mwanakwaya akikosea sauti ya tatu alimtazama palepale. Na alikuwa na tabia nyingine iliyokuwa ikinikera mimi kama shabiki. Katikati ya mchezo, hata kona inapigwa, aliiondoa redio shavuni, akanyamaza, akatega sikio upande wa migombani. Kisha akairudisha. Nilimwambia mara nyingi, wewe mzee utakosa goli hivyo. Alisema goli halipotei, litasemwa tena.

Mkewe sikumkuta. Nilipoolewa Kikatiti alikuwa ameshafariki, na mtoto wao pekee, wa kiume, alikuwa ameshaondoka. Hadithi niliyopewa na kina mama wa kanisani ilikuwa fupi. Mkewe aliumizwa na ng'ombe zizini wakati Mwinjilisti anasikiliza mpira. Akaita, mume hakunyanyuka. Akafia hospitali. Kijana hakumsamehe baba yake, akaenda Arusha mjini, na hajarudi hata Krismasi. Wakimaliza kuisimulia walikuwa wanasema "lakini tumwachie Mungu," na hawakuwa wanamwachia Mungu hata kidogo. Jumapili wanamwita Mwinjilisti, Jumatatu wanamwita muuaji wa mke. Yeye alijua. Kijiji hakina ukuta. Nami niliiamini hadithi hiyo kama wengine, nikaendelea kupeleka maziwa, na siku nyingine nikimwona na redio yake shavuni, hasira ilinipanda nikaweka chombo chini bila kuaga.

Sasa kuna kituo kimoja cha redio mjini kilianzisha kipindi cha Jumamosi asubuhi ambapo mashabiki wanapiga simu na kueleza mechi waliyoisikia redioni zamani, na walikuwa na nani nyumbani. Kilipendwa haraka. Alipiga mzee mmoja wa Kihindi mwenye karakana, akakumbuka mpira wa magongo uliotangazwa kwa Kiingereza, redio inakoroma, na mama yake anayesukuma chapati akisimamisha mti hewani mpaka mpira utoke golini. Alipiga mama mmoja ambaye baba yake alikuwa dereva wa masafa marefu. Baba huyo aliiagiza familia imsikilizie mechi ili akirudi asimuliwe. Mama yao hakujua mpira, akamsimulia kwamba yule mwenye jina refu alimkasirikia yule wa pembeni, wakasukumana, watu wakafurahi. Baba alikula chakula chake na kushukuru. Nilikuwa nafungua duka na kipindi hicho, wateja wa mbegu wananyamaza wote, kila mtu anakumbuka sebule yao.

Mwinjilisti naye akaanza kupiga. Kila Jumamosi, na kila Jumamosi mechi ni ileile. Walikuwa watatu, anasema: yeye, kijana wake na mama wa kijana. Wao wawili wako barazani na mama yuko zizini anakamua. Timu yao imefungwa moja, imerudisha, mpira unakaribia kuisha. Hapo sauti ya mnada ilimrudia. Winga anapanda upande wa kushoto, anamwacha beki, anainua kichwa, anatazama katikati nani amekaa vizuri. Halafu kimya. Kisha anasema kwa upole kwamba hapo betri ziliisha, na Mungu awabariki wasikilizaji wote. Anakata simu.

Mji mzima ulimjua. Mtangazaji alikuwa akimuuliza, mzee wa Kikatiti, leo betri zipo? Watu walimkisia matokeo. Kina mama wa kanisani walichukia, wakasema sasa anautangaza msiba mpaka redioni, hana aibu. Mimi nilimuuliza kwa nini haendelei na hadithi nyingine, maana mechi alizosikiliza ni nyingi kuliko nywele zake. Alisema ile ndiyo haijaisha.

Yule mtu alipiga mwanzoni mwa mvua. Nakumbuka duka lilikuwa limejaa, kila mtu anataka mbolea. Sauti ya kiume, nzito, ya mtu asiyezoea kuongea kwenye simu watu wengi wakimsikia. Akasema yuko Sokon One, hapo Arusha mjini, jina anaomba asiseme, na anataka kuimalizia ile mechi ya mzee wa Kikatiti. Mtangazaji alicheka kwa furaha, akamwambia endelea, tumekungoja.

"Betri hazikuisha," akasema yule mtu. "Tulizianika juani tangu asubuhi, zilikuwa na nguvu. Sauti ilikuwa juu mpaka mwisho. Mama ndiye alitaka. Alituambia tuongeze sauti na yeye asikie kule kwa ng'ombe, maana mama alikuwa shabiki kutuzidi. Winga akapiga krosi, goli likaingia. Tukaruka. Na mama akapiga kelele kule zizini. Mzee akaniuliza, mama yako ana nini? Nikamwambia anashangilia."

Mtangazaji akasema, "Ndiyo." Hakuwa anacheka tena.

"Mimi ndiye nilisema. Kila goli mama alikuwa anapiga kelele, sasa nilijuaje. Mzee alikuwa ameshanyanyuka, akakaa. Tukasikiliza mpaka filimbi. Ng'ombe alikuwa amembana kwenye hori." Alivuta pumzi. "Msibani watu walimsema mzee. Walisema anapenda mpira kuliko mke. Hakujibu. Mimi nilikuwa nimekaa palepale, na mimi sikujibu. Nikashindwa kumtazama usoni, nikaondoka. Basi, ndivyo mechi ilivyoisha. Tulishinda."

Wakaweka muziki.

Niliwaambia wateja wanisubiri, nikavuka ua bila maziwa wala chombo. Mwinjilisti alikuwa kwenye kibao chake. Redio ilikuwa mapajani, inatangaza sabuni. Nilikuwa nimejiandaa kumpa pole, lakini nilipomwona nilikasirika, hasira ambayo mpaka leo sijui ilikuwa ya nani.

"Mwinjilisti, shikamoo. Umesikia?"

"Marahaba, Mama Neema. Nimesikia."

"Kwa hiyo hukusema wewe. Miaka yote hii tunakusema wewe."

"Neno likisemwa nyumbani kwangu ni langu," akasema. "Mngemsema nani?"

Nikamwambia angeweza kujitetea hata kwa sentensi moja. Akanieleza polepole, kama anayefundisha kipaimara, kwamba sentensi hiyo ingetoka kwake na kumwangukia mtoto. Watu waliokuwa wanahitaji mtu wa kumsema wangemwacha mzee aliyezoea kusemwa na kumshika kijana ambaye ndiyo kwanza amemaliza shule na amemzika mama yake. Alijaribu kumtafuta mjini. Mara mbili alimpata gereji alikokuwa anafanya kazi, na mara zote mbili kijana aliangalia chini akaomba ruhusa ya kurudi kazini. Kipindi kilipoanza akaona amepata njia. Angeisimulia ile siku mpaka pale inapouma, aache nafasi, ili mwenye kipande kilichobaki ajue kwamba kimetunzwa na kwamba baba yake hajakitoa kwa mtu. Kukimalizia kwa ukweli ilikuwa ni kumshtaki mtoto. Kukimalizia kwa uongo, yeye ni mwinjilisti.

"Na betri je?" nikamuuliza. "Huo si uongo?"

Akafikiri. "Huo nitautubu mwenyewe."

Nilitaka tupige kituoni palepale tuombe namba. Akakataa. Alisema mtu ametembea peke yake kutoka kule alikokuwa mpaka kwenye hiyo simu, na hatua iliyobaki si ya kuburutwa. Nikaona ni ujinga wa kizee. Jumamosi iliyofuata hakupiga redioni, wala iliyofuata. Mtangazaji alimuulizia, kisha akaacha. Kikohozi kikashuka kifuani, miguu ikaanza kuvimba, na mnada akamwachia katibu wa usharika ambaye anauza ndizi kama anasoma ankara. Kina mama wa kanisani walianza kumpelekea uji, wanaume wakamsafishia migomba, kila mtu ghafla ana fadhili. Aliwashukuru wote. Lakini kila gari lililosimama barabarani kushusha mtu, nilimwona anainua kichwa. Nilikuwa nahofia atakufa huku anangoja, na nilikuwa nimeapa kwamba akifa hivyo nitakwenda Sokon One mwenyewe nimtafute huyo mwanawe gereji kwa gereji nimpe maneno yake.

Sikulazimika. Ilikuwa siku ya mechi ya watani, Jumamosi alasiri. Nilipeleka maziwa mapema, chombo nimekifunika kitambaa cha kijani kwa kujiamini, nikamkuta mwanamume amekaa kwenye ngazi ya baraza. Alikuwa na mvi pembeni na mafuta ya magari kwenye kucha. Nilimtazama kwa muda. Miaka yote nilikuwa namngoja kijana. Alisimama akanipokea chombo kwa mikono miwili, akaniamkia ingawa hatukupishana sana kwa umri, na kunishukuru kwa maziwa ya mzee. Hakuna aliyenieleza kitu na sikuuliza. Mwinjilisti aliombea kitambaa kama kawaida, akaniambia nikae niione aibu ya timu yangu kwa masikio yangu.

Redio ilikuwa juu ya kigoda katikati yao. Sauti chini, ileile ya kunong'ona, sote watatu tumeinama kama tunaota moto. Mara mojamoja mwana alisema jina la mchezaji na baba akatikisa kichwa. Kabla ya mapumziko timu yao ikafunga.

Mimi nilisonya. Wao hawakushangilia. Mwinjilisti alinyoosha mkono akaizima redio kabisa, na wote wawili, kwa pamoja, wakageuza vichwa upande wa migombani. Nikajua kwamba kule Sokon One pia kuna mtu aliyekuwa anazima redio kwenye kila goli. Hatukusikia chochote, ila ng'ombe wangu anayelia ng'ambo ya ua akitaka majani.

Yule mwana akanyanyuka. Alipita kwenye migomba mpaka kwenye zizi, akafungua mlango, akasimama pale na mkono juu ya mbao kwa muda ambao nilitamani kuondoka na sikujua namna. Aliporudi macho yake yalikuwa mekundu.

"Hakuna mtu, baba."

"Najua," akasema Mwinjilisti. "Mimi huwa naangalia." Akamsogezea redio. "Sasa washa, na uongeze sauti. Mama yako hakupenda redio ya kunong'ona."

Mwana akaizungusha swichi mpaka mwisho. Ile redio kumbe ilikuwa na sauti kubwa namna hiyo, kuku wakakimbia. Nikawaaga, kwa sababu ng'ombe wangu alikuwa bado analia na kwa sababu pale hapakuwa pangu. Nikavuka ua, nikaingia zizini kwangu, nikaanza kumwekea majani, na kila neno la mtangazaji nilikuwa nalipata vizuri.

Wakafunga la pili. Kipa wetu aliutema mpira mdogo ambao hata mimi ningeudaka, nikapiga kelele ya uchungu, ya mtu aliyefungwa kizembe. Palepale redio ikakatika. Nikasikia viti vinaanguka, na sauti ya mnada, ambayo tulidhani imeshaisha, ikavuka ua.

"Mama Neema! Uko salama huko?"

Mwanawe alikuwa ameshafika kwenye ua, anahema, ameshika miti ya uzio tayari kuruka. Nikaweka majani chini, nikatoka zizini ili wote wawili wanione.

"Niko salama," nikawaambia. "Tumefungwa tu."